Ngazi za Kadutu, Bila Idadi

Nabintu, nimesoma rasimu yako ya ngazi
usiku, umeme ulipoukumbuka mtaa wetu,
simu ikinyonya chaji kama ndama aliyefungiwa kutwa.
Umeandika vizuri. Ndiyo sababu nimefuta.

Usinune. Vuta kiti. Na wewe Ashuza, sogea.
Byamungu, zima hiyo redio.

Aya ya pili si yako.
Naijua sauti hiyo: ni ya yule padri
mwenye kitabu cha jalada la kijani,
anayesema "hali kadhalika"
kila anapokosa pumzi.
Ulitoa "kubwa" ukaweka "pana",
ukapindua sentensi, kichwa kikawa miguu,
ukadhani umeshona nguo mpya.
Fundi wa Nyawera angecheka:
kikwembe ni kilekile, umebadili vifungo.
Soma ukurasa. Funga kitabu.
Nenda kachote maji, urudi,
kisha niambie ulichoelewa, kwa mdomo wako.
Hicho ndicho uandike. Halafu mtaje padri hapo chini,
jina, mwaka, ukurasa,
kama unavyomtaja aliyekuazima sufuria.

Sasa idadi.
"Vidato mia mbili kumi na viwili."
Nikauliza chanzo, ukanionyesha magoti.
Ulivihesabu mwenyewe, ndoo kichwani, miaka sita.
Sikukatalii.
Ila Jumapili, baada ya misa, nilishuka nikihesabu:
mia mbili kumi na vinne.
Tukamuuliza bibi yako, akasema mia mbili kamili,
vilivyozidi ni vya wazungu, yeye havimhusu.
Unaona? Watu watatu wakweli, ngazi zilezile.
Kamusi elezo haina magoti.
Inangoja mtu ahesabu, achapishe, abebe lawama.
Ashuza amekwenda ofisi ya mji mara mbili,
akaambiwa mwenye ufunguo wa kabati yuko safarini.
Mpaka arudi, ngazi zetu hazina idadi.

Na picha.

Hiyo ya bibi yako katikati ya ngazi,
kitambaa cheupe, kapu la sambaza,
imelala ndani ya Biblia tangu mama yako hajazaliwa
na bado si ya kwenu.
Igeuze. Muhuri huo wa zambarau, Studio Cirhuza:
ni ya aliyesimama nyuma ya mashine akafinya jicho.
Alikufa. Haki yake haikuzikwa naye,
ilishuka kwa binti yake, yule anayeuza mega
kwenye kibanda cha bluu pale Essence.
Tulimwendea. Nilimweleza yote, hata machungu yake:
ukiiachia huria, mtu wa mbali usiyemjua
ataweza kuichapa kwenye kalenda na kuiuza,
asikuombe ruhusa, asikupe franka.
Akauliza, "Lakini jina la baba litabaki?"
Nikasema ndiyo, hilo ndilo sharti.
Akaitazama picha mpaka wateja wawili wakachoka, wakaondoka.
Akasema, nitawajibu.
Hii ni wiki ya tatu. Tusimsukume.

Basi makala yako ina mistari minne,
haina idadi, haina picha.
Ya kwanza yangu ilikuwa kurasa tatu.
Ilidumu dakika kumi na moja;
mtu asiye na uso akaifuta, nikalia chooni
dada zangu wasinisikie.
Hii yako kesho itaamka.

Na jambo moja, halina chanzo:
mvua ikinyesha, kidato cha tatu kutoka juu
kinateleza, upande wa ukuta.
Usiliandike popote.
Nakuambia kwa kuwa utapita hapo leo gizani,
na kompyuta uliyobeba ni ya kuazima.