Kasoro Kwanza

Uwanja wetu ulikuwa Maweni, magari saba,
manane mwaka ukiwa mwema.
Hujauliza bei, baba keshakutajia kasoro:
hii yala mafuta,
hii mlango wake wataka kubembelezwa,
na ile Datsun, Kazungu, haiwaki bila jamaa.

Sikio huliweka juu ya boneti, macho kayafumba,
kama mkunga.
Bei aliandika kwa chaki kiooni. Mvua ikiifuta:
"Basi, toa ulicho nacho, mengine tutaandika."
Hatukuwahi kuyaona yaliyoandikwa.

Siku tuliyomzika Lali Shekuwe
njia nzima ya makaburini
ilijaa magari yaliyopita mkononi mwake.
Datsun ikagoma.
Tukaisukuma na kanzu zetu, watu sita,
ikakohoa, ikawaka,
nami nikageuka nimwambie baba.