Umepatwa na Nini

Shuleni, hapa Ibra, mwalimu kawafundisha: khusufu.
Muzna kaja nalo neno nyumbani,
kalitua mezani baina ya halua na birika,
akataka la kwetu.
Nikampa: mwezi umepatwa.

"Umepatwa na nini?"

Ana haki. Kitenzi hiki hakisimami peke yake,
kinanyoosha mkono kutafuta *na*:
kupatwa na homa, kupatwa na deni,
kupatwa na msiba hata majirani wakaleta masufuria.
Mwezi tu ndio tunaouacha hivyo. Umepatwa. Nukta.
Kama mtu tuliyeafikiana tusimuulize.

Mama yangu, Bi Ghanima, mzaliwa wa Wete,
aliyezeekea huku chini ya kiyoyozi,
asema kwao waligonga masinia
mpaka joka liuteme.
Huku watu husali rakaa ndefu.
Yeye atasali, kisha atagonga kidogo,
kijiko kwenye bilauri, kwa adabu,
wapangaji wa chini wasiamke.

Saa nane usiku tukapanda darini,
tukakaa kati ya tangi la maji
na kanga iliyosahauliwa kambani.
Doa likaanza pembeni, kama chai kwenye shuka.
Muzna kakunjua mchoro wake: jua huku, mwezi kule,
katikati dunia. Akaweka kidole.
"Basi ni sisi! Umepatwa na sisi.
Hata dari letu limo kivulini mle."

Mama akacheka. Mimi sikuweza.

Khalfan, kaka yangu. Mwaka wa sita huu
tunasema *amepatwa*, tunameza mate
kabla ya kufika kwenye *na*.
Saini yake ndiyo iliyojenga nyumba hii,
tangi hili, ngazi tuliyopandia.
Benki ilipobisha hodi sisi tulikuwa ndani, tumelala;
akauza gari, akauza duka la vipuri,
akahamia chumba kimoja Sohar.
Na sisi, jamani, tukasikitika sana:
masikini Khalfan, amepatwa.

Mwezi ukaiva rangi ya sinia la shaba.
Bilauri ikalia mara tatu.
Nikatoa simu. Saa tisa na robo za usiku
si saa ya kumpigia mtu, na namba yenyewe
niliitafuta kwa jina, sikuikumbuka.

Ikaita. Ikaita tena.
Kisha sauti yake, nzito kwa usingizi,
haina hata salamu:

"Kuna nini huko? Mmepatwa na nini?"