Toleo la Kumi

Habari yenyewe ni mstari mmoja, wa nne kutoka chini,
baada ya "kasoro ya mwaka mrefu imerekebishwa",
kabla ya "rangi ya vitufe imekolezwa kidogo":
Saa ya Kiswahili imeongezwa.
Nukta. Kisha jina langu,
herufi moja imekosewa.

Dundee, Novemba. Saa kumi jioni
na giza limeshafunga maduka.
Elspeth Rennie ametoka kununua pai mbili za nyama
kwa kuwa toleo limetoka,
na kwa miaka kumi na tisa
hakuna toleo lililotoka bila pai.

Alianzia kiwandani, msichana wa miaka kumi na sita,
akipachika akrabu kwenye saa za mkono,
mia nne kwa zamu, hata kiwanda kikafungwa
na vidole vikabaki vinatafuta kazi mezani.
Programu alijifunza kwa vitabu vya kuazima.
Leo ana sabini na mbili, na saa yake inatembea
ndani ya simu za watu asiowajua,
ndani ya redio, ndani ya mashine za kufulia,
wala hakuna aliyemlipa, wala hakudai.
Leseni yake fupi kama dua ya chakula:
itumie, ifungue, ichokonoe, mpe na jirani.

Mimi nilibisha hodi na mistari arobaini na mmoja.
Akaniuliza: Subira, hili si kosa?
Umeirudisha dunia nyuma saa sita.
Nikamjibu: si kosa. Kwetu saa moja
ni saa moja tangu kuche. Ninyi
mnaanza kuhesabu watu wamelala.
Akasema: haya, lakini jua letu la Desemba
huamka saa tatu kasorobo ya kwenu
na saa tisa na nusu limeshajifunika blanketi.
Utalihesabu vipi jua la kivivu hivi?

Wiki mbili tulibishana juu ya usiku wa Ijumaa:
ni ule unaoifuata Ijumaa, au ule unaoizaa?
Mara saba alinirudishia kazi.
Nafasi moja imezidi, mstari wa kumi na saba.
Jaribio liko wapi? Bila jaribio sipokei.

Sikuwa nimemwambia kwa nini.
Mwaka wangu wa tatu hapa, Mbwana alipiga simu kutoka Tanga:
Mzee tunamzika saa kumi.
Masikio yangu yalikuwa yameshahamia.
Nikasikia kumi ya hapa, kumi ya usiku.
Nikaomba ruhusa kazini, nikaoga,
nikakaa ukingoni mwa kitanda
na simu iliyojaa chaji.
Nilipopiga, huko walikuwa wamenawa mikono zamani,
viti vya kukodi vimesharudishwa,
na kaka, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa,
akauliza taratibu: Ulikuwa wapi?

Nilikuwa hapahapa. Nilikuwa nangoja.

Basi jaribio nikaliandika. Linauliza swali moja tu:
tunazika saa kumi, ni saa ngapi?
Na mashine sharti ijibu: kumi na sita kamili,
la sivyo toleo zima lisitoke.
Nililiita mazishi.
Elspeth huwa na neno kwa kila jina nililochagua,
refu mno, halieleweki, badili.
Hili hakuligusa. Aliandika "Imekubaliwa",
na asubuhi nikakuta ameongeza mstari mmoja
ili lifanyiwe kazi kabla ya mengine yote.

Pai zimefika, mafuta yamelowesha karatasi.
Hatujamaliza kutafuna, lalamiko la kwanza limeingia,
mtu wa Lamu, hana hata salamu:
Nani kawaambia alasiri inaishia hapo?
Nimetahayari. Elspeth anafuta vidole,
anavuta kiti, anasoma mara mbili,
uso wote umemchangamka.
"Ana hoja," anasema. "Fungua faili.
Na hiyo herufi ya jina lako,
tuitie humohumo."