Kipande Namba 317

Nesi Kabugho alinikazia macho: tembea, mzee,
sukari yako inapanda kama mgomba wa jalalani.
Basi naamka na giza,
nashika njia ya juu ya Kilembe,
ile iliyoachwa na watu ikaokotwa na vichaka.
Sitafuti kitu.
Natembea kama mtu anayekunywa dawa.

Siku ya kwanza: ndoo ya chuma juu ya mti.
Zamani ilipita angani kwa waya, imejaa mawe ya shaba.
Waya ukafa. Mti ukaota chini yake,
ukaitoboa kitako, ukatokeza kichwa,
mtoto aliyevaa sufuria akasahauliwa nayo.

Siku ya nne, katikati ya mikalitusi,
kiti cha daktari wa meno kimelala chali
kikingoja kinywa.
Nilikaa. Nani angejizuia?
Nikaachama, na mawingu ya Rwenzori
yakanikagua magego, yakaenda zao bila kusema bei.

Kisha gumbuti, la kushoto tu,
na ndani yake chura aliyenitazama
kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji.
Kisha mlango. Umesimama na fremu yake,
nyumba imeondoka.
Nilipiga hodi mara tatu, nikazunguka kando.
Mlango ni mlango.

Mvua za Mei zikaja.
Nyamwamba ikanguruma usiku kucha,
ikasukuma majabali kama mlevi anayehamisha viti,
na asubuhi ukingo ulikuwa umeng'olewa kama gego.
Pale, kwenye tope jekundu, ubao.
Mrefu kuliko mimi. Misumari safu kwa safu,
na kwenye kila msumari kipande cha shaba, duara, na namba.
Nikavifuta kwa kofia yangu. 314. 315. 316.
318.

Chini kabisa, mtu alichonga kwa ncha ya kisu:

    *Chukua ukiingia,*
    *ukitoka rudishia;*
    *usiporudi, sikia,*
    *tutakutafuta chini.*

Niliketi topeni.
Naijua 317.
Naijua kwa ulimi, maana niliinyonya nikiota meno.
Imefungwa kwenye ufunguo wa ghala letu,
imechakaa upande mmoja kwa kidole gumba cha bibi Ithungu,
na hakuna aliyewahi kuuliza ilitoka wapi,
kama usivyouliza kijiko kilizaliwa na nani.

Babu Mbusa alitoka mgodini siku walipoufunga.
Hilo nalijua: alikufa kitandani, miaka mingi baadaye,
akilalamika kwamba uji hauna chumvi.
Lakini kwa hesabu ya ubao huu
babu hajatoka.
Yuko chini bado, na taa yake, na kikohozi chake,
na mahali fulani wenzake wangali wanamtafuta
kila wanapofika kwenye msumari mtupu.

Nikakumbuka alivyokuwa akisimama ghafla uani,
usiku, sikio ameliinamisha ardhini.
Tulidhani anasikiliza fuko.

Kesho yake nilibeba ufunguo.
Nikafungua uzi, nikaitundika 317 mahali pake.
Iliingia bila kelele.
Nilingoja. Sijui nilingoja nini. Filimbi, labda,
au mtu aseme, haya, wote wametoka, zimeni taa.
Ndege mmoja akalia. Mto ukaendelea na kazi yake.

Nilishuka hatua kama arobaini hivi
ndipo nikamsikia bibi, marehemu, wazi kabisa:
na ghala nitafungulia nini, pua yako?

Nikarudi kuichukua.

Nesi Kabugho alinipima Jumatatu. Sukari imeshuka.
Akauliza natembea umbali gani.
Nikamwambia, si mbali.
Nafika kwenye msumari mmoja, nausalimu, narudi,
na ufunguo unagonga mfukoni,
tik, tik, kama mtu anayechimba polepole,
asiye na haraka ya kutoka.