Zulia la Pijo

Mwanjelwa, muuzaji akanitandazia jekundu:
"Hili la kanisani, halichuji."
Nikamwambia gari langu hushuka Isongole na viazi,
na matope ya kule hayana ibada.
Nikachukua la rangi ya buni iliyokaangwa,
mita mbili na nusu. Alinipunja kidogo. Nilijua, nikanyamaza.

Fundi Asajile aling'oa viti.
Chini yake mpira uliooza, maharage matatu,
pini ya nywele,
na lile tundu.

Lile nalijua.
Nilikuwa na miaka sita, miguu haifiki sakafuni,
nikaiona barabara ya Kiwira ikikimbia kinyumenyume
chini ya nyayo zangu,
baba akiimba kwa puani, hana habari.
Mama aliliziba kwa gunia. Vumbi likapita. Baridi ikapita.

"Hapa tuchomelee," akasema Asajile,
akapima kwa kidole, kikazama chote.
Cheche ziliporuka nikatazama pembeni.

Kisha mfuko wa saruji, chaki, mkasi wa mkewe wa cherehani.
Tundu la gia tulilikata mara mbili;
la kwanza lilikosea vidole vitatu, tukailaumu chaki.
Gundi ikatupanda kichwani, tukacheka bila sababu
hadi mvua ikatufukuza.

Jumapili nikampelekea mama.
Akafungua mlango, akachungulia,
akavua kandambili, akazipakata.
"Mama, hili ni gari."
"Naona," akajibu,
na vidole vya mguu wake vikawa vinapapasa, taratibu,
pale pale.