Nanga ya Arubaini na Moja

Mbarouk,
faili lako limenifika Wesha saa nne na robo,
umeme umekatika mara mbili, kompyuta inahema kwa betri.
Wewe uko Mtoni, umepewa bomba la gatini,
toka mdomo wa meli hadi ukutani.
Mie niko huku Pemba, nina bomba la matangini.
Hatujapata kuonana. Tunakutana kwenye nanga moja,
namba arubaini na moja,
pale modeli yako inapokoma na yangu inapoanza.

Nguvu tatu, pindo tatu: safu sita za tarakimu
umenipa kama mtu anayepitisha ndoo juu ya ua.
Nikapokea. Joto kwa joto, uzito kwa uzito,
maana huwezi kujumlisha mchana wako na usiku wangu.
X yako imeelekea kibla. Yangu imeelekea bahari.
Nikazigeuza moja moja kwa penseli, sikuiamini mashine.

Kisha nikajumlisha.
Kumi na nane, toa kumi na nane.

Sifuri tupu, nyeupe, kama sahani ya kombe
baada ya maandishi kunywewa.
Nikasema alhamdulillahi, nanga imepumzika,
nikampigia Shaame: chimba dogo, kesho tumimine.

Usiku kitu kikanikera, kama uzi wa embe kwenye jino.
Nikafungua tena ukurasa wako wa kwanza,
maneno madogo chini ya jedwali:
nguvu za nanga juu ya bomba.
Zangu mie ni za bomba juu ya nanga.

Yakhe, Mbarouk!
Wewe umeandika kinachojibu, mie kinachouliza.
Bomba lako likipata jua lasukuma kuelekea kilimani.
Tangi langu limezama kidole kimoja, bomba langu lavuta
kuelekea kilimani kulekule.
Mmoja anamsukuma mtu mgongoni, mwengine anamvuta mkono,
halafu wote wawili wanaandika kwenye ripoti: amesimama.

Thalathini na sita.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio kanda la sufi.
Hawakusema kitu juu ya mzigo
ambao kila mmoja anaamini mwenzake ameshaubeba.

Kaka yangu yuko Fuoni, anatuma pesa za dawa.
Mie nakwenda Wawi kila Ijumaa, nafua, napika, narudi.
Kwenye hesabu yake: dada yupo.
Kwenye hesabu yangu: kaka anatuma.
Tumefutana,
na mama akiulizwa hujibu "sijambo",
neno moja kwa pande zote mbili.

Asubuhi nilimkuta Shaame keshashika koleo.
"Subiri. Shimo liongezwe nusu mita, nondo ziwe mara mbili."
Akatema tambuu. "Inshinia, jana ulisema hapana mzigo."
"Jana nilikosea alama."
"Alama?" Akachungulia shimoni, kama niliyeiangusha mle.
"Zege halisomi alama, mwanangu. Zege hulemewa tu."

Sikulaumu, Mbarouk. Jedwali lako lilikuwa kweli
na langu lilikuwa kweli.
Nimekurudishia faili, nimeandika juu kwa herufi kubwa
nani anamsukuma nani.
Nawe ufanye hivyo utakapomtumia yule wa pampu,
maana naye ana nanga yake, na fundi wake, na usingizi wake.

Sasa ni saa saba. Bomba lililolala gatini, bado halijaungwa,
limeshika jua, linalia kidogo juu ya vikalio vyake.
Shaame bado anachimba.
Simu iko mkononi.
Nampigia kaka, si kwa pesa.
Nataka kumuuliza yeye anasukuma upande gani.