Mstari wa Kumi na Moja

Zahanati ya Kimilili, Jumanne, benchi lenye mguu mmoja mfupi.
Mwanangu ameshazunguka chumba mara saba,
amefungua droo, amehesabu vigae,
akaachia kwenye kumi na tatu, akamfuata nzi.

Barua ya Mwalimu Khisa nimeikunja ndani ya leso:
hamalizi sentensi, hasikii akiitwa,
penseli ya nne wiki hii.

Sista Phanice anauliza polepole.
Ulipokuwa na mimba yake, ulipata homa?
Nilipata.
Presha?
Hakuna aliyepima.
Damu?
Nyepesi, kama chai ya turungi.

Nikuambie, Sista? Nilikuwa nakula udongo.
Ule mwekundu wa ukingoni mwa Kibisi,
nikiumega baada ya mvua, unapotoa harufu,
nikijificha nyuma ya choo kama mwizi.
Vidonge vya kuongeza damu vilinitapisha,
nikavifukia chini ya mhogo.
Mhogo ule ulinawiri!

Mama mkwe hajasahau udongo.
Amesahau mahindi,
yalivyokauka mwaka ule yakiwa urefu wa goti,
na mwanawe alivyokwenda Eldoret kutafuta kibarua
akatuma salamu.
Nililalia uji wa wimbi usio na sukari
na wasiwasi,
ulionipiga teke kabla mtoto hajaanza kupiga lake.

Sista anaweka kalamu chini.
"Mambo haya huongeza uwezekano," asema, "hayaandiki hukumu.
Wapo walioshiba wakazaa kama huyu.
Wapo walioumwa miezi tisa
wakazaa mtoto aliyetulia kama mtungi."
Namsikia. Ila moyo wangu ni karani mkali,
haufungi faili.

Mstari wa kumi na moja:
Eleza hali ya mama wakati wa ujauzito.
Nafasi yenyewe haizidi kidole.
Sista, usihangaike kuyabana yote humo.
Rudi juu ya karatasi, pale ulipoanzia.
Umeshaandika: Nanjala.
Sisi Wabukusu hatumwiti mtoto hivyo
mwaka wa mavuno.

Mwenye jina yuko dirishani.
"Mama, mbona mvua inanyesha kwa jirani tu?"
Nafungua kinywa nimjibu,
kumbe ameshatoka mbio kwenda kuishika,
na kiatu kimoja ameniachia mimi.